Zana na Mwendo wa Kipindi: Kufundisha Nusu na Robo katika Darasa la Tatu Lenye Watoto Wengi

Walimu wengi tunapoandika andalio la somo huorodhesha zana katika mstari mmoja na kugawa dakika katika safu nyingine, kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani. Kwenye mstari wa zana tunaandika "chati, vijiti, karatasi", na kwenye safu ya muda tunaandika 5, 15, 10, 5 na 5 ili jumla ifike 40. Kisha tunaingia darasani, chati inabandikwa ukutani tangu mwanzo, karatasi zinagawiwa kwa fujo kidogo, na kengele inalia tukiwa katikati ya zoezi. Katika mwongozo huu nataka kuonyesha kwamba zana na muda hupangwa pamoja: kila zana ina dakika yake ya kuingia na dakika yake ya kutoka, na zana iliyo mikononi mwa mtoto ndiyo inayomwambia mwalimu kama aendelee au asubiri.

Nitaeleza kwa kutumia kipindi kimoja cha Hisabati cha darasa la tatu, mada ya sehemu, yaani nusu na robo. Nimechagua mada hii kwa sababu ni ya kwanza inayomtaka mtoto aachane na imani aliyoijenga kwa miaka miwili kamili, kwamba namba kubwa ina maana ya kitu kikubwa. Mada ya namna hiyo haivumilii haraka, na haiwezi kufundishwa kwa maneno matupu.

Hesabu dakika kabla ya kuchagua zana

Katika shule za msingi za Tanzania kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, na kuanzia darasa la tatu ni dakika 40. Kwa majirani zetu wa Kenya ni dakika 30 kwa madarasa ya chini na 35 kwa yale ya juu. Dakika hizo zote si za kufundisha. Mwalimu aliyetangulia anamalizia, watoto wanabadilisha madaftari, mmoja anaomba kwenda chooni, ubao haujafutwa. Mwalimu anayepanga dakika 40 kamili amekwisha kuchelewa kabla hajafungua mlango, kwa hiyo mimi hupanga 36 na kuziacha 4 zipotee zitakapopotea.

Halafu kuna idadi. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu msingi ilipoanza kutolewa bila ada mwaka 2016 madarasa mengi ya shule za serikali yamepita kiwango hicho kwa mbali. Darasa ninalolitolea mfano hapa lina watoto 78 wanaokaa watatu watatu kwenye madawati 26, yaliyopangwa katika safu 4. Sasa fikiria kazi nyepesi kuliko zote, ya kumpa kila mtoto karatasi. Ukitumia sekunde 5 kwa kila mmoja, 78 mara 5 ni sekunde 390, yaani dakika 6 na nusu. Muda huo ni karibu moja ya tano ya kipindi chako, na umekwisha bila mtoto kujifunza lolote zaidi ya kusubiri. Mtoto anayesubiri hujitafutia shughuli, na utahitaji dakika nyingine 2 kumrudisha.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ninalojiuliza kuhusu zana yoyote ni kwamba itachukua muda gani kufika mikononi na itachukua muda gani kuondoka. Uzuri wake huja baadaye.

Chungwa, chapati na karatasi

Nikiwa mgeni kazini nilifundisha nusu na robo kwa machungwa matatu na kisu. Chuoni tulisisitiziwa zana halisi, na chungwa ni zana halisi. Nilikata la kwanza mbele ya darasa nikauliza, "Hii ni nini?" Darasa zima likajibu, "Chungwa!" Jibu lilikuwa sahihi. Vipande viwili havikulingana kwa sababu kisu kilipinda, maji yakatiririka mezani, watoto wa mbele wakaanza kuulizana nani atapewa, na wale wa dawati la mwisho walikuwa wamesimama juu ya viti kwa kuwa hawakuona kitu. Robo saa ilikwisha. Nilichojifunza siku ile ni kwamba kitu kuwa halisi hakukifanyi kuwa zana. Chungwa linasema mambo mengi kwa wakati mmoja, yaani utamu, harufu, rangi na kokwa, na usawa wa vipande, ambao ndio moyo wa somo, ndilo jambo linalosikika kidogo kuliko yote.

Chapati ni afadhali, maana ni bapa na vipande vyake vinaweza kupandanishwa ili kuona kama vinalingana. Lakini chapati 78 hazipo. Karatasi ya mraba ndiyo iliyoshinda. Inakunjika bila kisu, mkunjo wake unabaki kama kumbukumbu, makosa yake yanarekebishika, haigharimu fedha, na haina jambo lingine la kusema isipokuwa usawa wa pande zake. Tena mtoto anaishika mwenyewe.

Karatasi hizi ninazipata kwenye kurasa tupu zinazobaki mwishoni mwa madaftari ya mwaka uliopita. Ukurasa mmoja unatoa mraba mmoja wa sentimita 14 kwa 14: unakunja kona mpaka ukingo wa juu ulale juu ya ukingo wa pembeni, kisha unachana mstatili unaobaki. Kila mtoto anahitaji miraba miwili, hivyo darasa zima linahitaji 156, nami huongeza 10 ya akiba kwa watakaochana. Kazi hii haifanywi na mwalimu peke yake usiku kwa mwanga wa simu. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuikamilisha katika kipindi kimoja cha stadi za kazi, na wenyewe wanajifunza kupima. Miraba hufungwa kwa uzi katika mafungu 26, kila fungu likiwa na miraba 6 ya dawati moja. Mafungu hukaa mbele kwenye boksi 4, boksi moja kwa kila safu, na kila safu ina kiongozi wake. Nikisema "Viongozi," watoto wanne wanaondoka kwa pamoja, na chini ya dakika moja kila dawati lina fungu lake. Zile dakika 6 na nusu zimerudi darasani.

Zana ya pili ni chati moja, na moja inatosha. Ninaichora kwenye mfuko wa salfeti uliofumuliwa pembeni, ukafuliwa na kunyooshwa, kwa sababu karatasi ya manila huchanika kwenye kona baada ya muhula mmoja na mfuko unakaa miaka. Juu yake kuna miraba mitatu mikubwa: wa kwanza umegawanywa nusu, wa pili umegawanywa robo, na wa tatu umegawanywa vipande vinne visivyolingana hata kidogo. Huu wa tatu ndio ninaouthamini zaidi, na nitaeleza sababu. Sehemu iliyochukuliwa naipaka rangi na kuichora mistari pia, kwa kuwa wapo watoto, hasa wavulana, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na mara nyingi hakuna anayejua, hata wao. Rangi ya njano siitumii kwa mistari wala maandishi kwa sababu haionekani kutoka mbali. Kipimo cha ukubwa ni kimoja tu: ibandike, nenda kaa kwenye dawati la mwisho upande wa dirishani, mahali watoto wanapokaa na si pale unaposimama wewe, kisha soma. Ukilazimika kukaza macho, chora upya.

Na kabla watoto hawajaingia, chati hiyo naifunika. Chati iliyo wazi tangu mwanzo inasomwa yote katika dakika ya kwanza, na baada ya hapo haina jipya. Ninatumia kitenge kisicho na maandishi. Kanga haifai, kwa maana kila kanga ina jina lake, na mtoto wa darasa la tatu aliyefurahia kujua kusoma ataanza kulisoma kwa sauti.

Kipindi chenyewe

Dakika 4 za kwanza hazina zana yoyote. Nauliza nani ametumwa dukani wiki hii na alitumwa nini. Majibu huja kwa wingi: nusu kilo ya sukari, robo lita ya mafuta ya taa, nusu mkate. Watoto wetu wanaingia darasani wakiwa na maneno ya sehemu vinywani mwao, na lugha yenyewe ina hazina hapa. Mahali ambapo wazee bado wanataja vipimo vya zamani naongeza kwamba pishi moja ina vibaba vinne na visaga viwili, hivyo kisaga ni nusu ya pishi na kibaba ni robo yake. Siandiki chochote ubaoni. Nataka tu wajue kwamba tunachokwenda kukifanya wanakifahamu nusu, na kwamba hiyo nusu nyingine ndiyo somo.

Dakika ya 5 viongozi wanagawa mafungu. Nami nina karatasi yangu ya mraba, iliyokatwa kwenye gazeti ili ionekane. Naikunja juu ya kichwa changu, polepole, kimya, ukingo juu ya ukingo, kisha nabonyeza mkunjo kwa ukucha. Kimya ni muhimu, kwa sababu mtoto hawezi kutazama mkono wako na kusikiliza maelezo marefu kwa wakati mmoja na akapata vyote. Baada ya kuonyesha ndipo nasema, "Kunja karatasi yako vipande viwili vinavyolingana," na natembea.

Karibu kila mara jambo moja hutokea bila kupangwa, na mwalimu anapaswa kulitarajia. Kwenye dawati moja watoto wawili wamekunja kwa namna mbili: mmoja amekunja ukingo kwa ukingo akapata mstatili, mwenzake amekunja kona kwa kona akapata pembetatu. Wanabishana. Wa pembetatu anasema yake ni kubwa kwa sababu ni ndefu, na wa mstatili anasema pembetatu si nusu. Kwa andalio linalokimbizana na saa, ubishi huu ni kikwazo, lakini mimi nimeutengea dakika 3, kwa kuwa ndani yake kuna somo lote. Nawaita wote wawili mbele na kuuliza darasa ipi ni kubwa, kisha nanyamaza. Baada ya mikono kuinuka, nachukua gazeti langu la pili, naligawa kona kwa kona, na ile pembetatu naikata sambamba na upande wake mmoja, katikati ya ule mwingine. Kipande kidogo cha juu nakigeuza na kukipachika penye pengo. Inatokea mstatili, nao ukiwekwa juu ya ule wa gazeti langu la kwanza, nililokunja ukingo kwa ukingo, unafunikana pasipo kuzidi wala kupungua. Darasa huguna. Ule mguno nisingeupata kwa kusema kwamba nusu ni nusu hata umbo likiwa tofauti.

Ikifika dakika ya 13 tunarudi kwenye karatasi zilizokunjwa mara moja. Kabla hawajakunja mara ya pili nauliza: tukikunja tena kisha tukafungua, tutakuta vipande vingapi? Wengi watasema vitatu. Wamekunja mara moja wakapata viwili, hivyo mara ya pili wanaongeza kimoja. Siwasahihishi. Naandika 3 pembeni mwa ubao, na mwingine akisema 4 naiandika pia. Kisha wanakunja, wanafungua, wanahesabu wenyewe. Ukishamwambia mtoto jibu kabla ya kufungua, karatasi imekuwa pambo. Swali linalotangulia mkono ndilo linaloifanya karatasi kuwa zana.

Sasa nasema, "Inueni robo." Mikono 78 inainuka ikiwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili, na kwa kutupa jicho mara moja naona dawati zima lililoinua nusu, mtoto aliyekunja mara tatu, na yule anayechungulia kwa jirani kabla ya kuinua. Taarifa hii siwezi kuipata kwa kuuliza "Mmeelewa?" Swali hilo lina jibu moja tu katika shule zetu, nalo ni "Ndiyooo mwalimu", linalotoka hata kwa mtoto aliyekuwa anaangalia mjusi ukutani. Kanuni yangu ni rahisi: madawati 20 kati ya 26 yakiwa sahihi, naendelea, na yale 6 nayakumbuka ili niyafuate wakati wa zoezi. Yakipungua 20, narudia kukunja, safari hii mmoja wa watoto akiwa mbele badala yangu. Kwa njia hii mwendo wa kipindi unaamuliwa na mikono ya watoto. Saa ninaitazama pia, lakini ndiyo ya pili kuulizwa.

Tunamaliza hatua hii kwa kulinganisha. Nusu na robo, ipi ni kubwa? Kwa karatasi mkononi hakuna anayekosea. Tunakunja mara nyingi zaidi, kipande kinazidi kuwa kidogo, na macho yanaona. Mpaka hapa ni dakika ya 20, na bado sijaandika alama yoyote ya sehemu ubaoni. Kuchelewesha huku ni kwa makusudi. Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba maarifa hushikika kwa njia tatu, yaani kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Darasani nimeona kwamba watoto wanaoanzia kwenye alama husema robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 2, na dhana hiyo ikishaingia kuing'oa ni kazi ya wiki kadhaa.

Dakika ya 21 karatasi zote zinaingia chini ya daftari. Zana iliyomaliza kazi yake itoke machoni, la sivyo itageuzwa ndege au feni, na hapo usimlaumu mtoto. Navuta kitenge. Mraba wa kwanza, nusu. Wa pili, robo. Haya yanakwenda haraka, dakika 2 hivi. Kwenye mraba wa tatu, ule wa vipande vinne visivyolingana, nanyoosha kidole kwenye kipande kimoja na kuuliza, "Hii ni robo?" Hapa naenda polepole kuliko mahali pengine popote. Vipande ni vinne, na robo ni kimoja kati ya vinne, kwa hiyo wengi watasema ndiyo. Nanyamaza. Mtoto mmoja, mara nyingi wa nyuma, atasema havilingani. Namwomba arudie, kisha nauliza mwingine aeleze alichosikia. Neno "vinavyolingana", walilolitenda kwa ukucha tangu dakika ya 6, sasa linatoka midomoni mwao wenyewe.

Ndipo alama zinakuja. Naandika 1/2 na 1/4 kwa tarakimu kubwa na kueleza kwamba asili, yaani namba ya chini, inahesabu vipande vinavyolingana katika kitu kizima, na kiasi, yaani namba ya juu, inahesabu vilivyochukuliwa. Nauliza tena ipi ni kubwa. Baadhi watateleza, hata baada ya yote. Hao nawaambia watoe karatasi chini ya daftari na kuzitazama, na sisemi zaidi.

Zoezi la kuandika lina maswali matatu tu. Mtoto wa darasa la tatu hunakili taratibu, na maswali kumi humaanisha kwamba dakika zote zinakwenda kwenye kunakili na hakuna inayobaki ya kufikiri. Sitaki kamwe wanakili chati. Wanachora mraba mmoja, wanaugawa robo, wanapaka rangi sehemu moja, kisha wanajibu maswali mawili ya kulinganisha. Dakika hizi 9 ndizo ninazozitumia kwa yale madawati 6. Nainama kwenye kila dawati na mraba wa akiba, wanakunja tena mbele yangu. Aliyemaliza mapema anachukua mraba wake wa pili na kutafuta vipande vitakuwa vingapi akikunja mara tatu. Akipata vinane namfundisha neno thumni.

Kwenye dakika ya 34 viongozi wanakusanya karatasi ambazo hazikuchanika, na naomba mikono mara ya mwisho: kidole kimoja kwa aliye tayari kueleza robo kwa jirani yake, ngumi kwa ambaye bado.

Kusubiri jibu

Nimetaja kunyamaza mara kadhaa, na jambo hili linastahili maelezo yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi nchini Marekani, alipima katika miaka ya 1960 na 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwamba wastani ni kama sekunde moja. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliozoea kukaa kimya walianza kujibu. Sekunde 3 zinasikika ndefu sana darasani, hasa mwalimu mkuu akiwa amesimama dirishani. Mimi huhesabu kimoyomoyo "moja, mbili, tatu" huku nikitazama dawati la mwisho, si mkono uliokwisha kuinuka mbele yangu. Muda huo unaongezeka zaidi zana inapoingia, kwa maana mtoto anahitaji kwanza kutazama, kisha kuelewa swali, kisha kutafuta maneno.

Upande wa pili, kuna mahali pa kuharakisha bila huruma. Kugawa, kukusanya, kufuta ubao, kuandika tarehe na kusimama kumsalimu mgeni ni mambo yanayotakiwa kuzoezwa wiki ya kwanza ya muhula mpaka yaende yenyewe.

Madarasa ya kwanza na ya pili

Kwa watoto wadogo wanaojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, kadi za silabi na za maneno huenda kwa kasi zaidi, kadi moja kwa sekunde chache, na katika dakika 30 ni vema kubadilisha shughuli mara tatu au nne, katikati mkiimba ubeti mmoja wa wimbo mkiwa mmesimama. Shika kadi kifuani, usiiweke mbele ya mdomo, kwa kuwa mtoto anayejifunza sauti anausoma mdomo wako pia. Na kama kadi ina picha ya ng'ombe pamoja na neno, tambua kwamba mtoto anaweza kusema "ng'ombe" bila kusoma herufi hata moja. Kata picha. Onyesha neno kwanza, lisomwe, kisha picha itoke kama jibu.

Kuta za darasa

Tumezoea kuhesabu ubora wa darasa kwa wingi wa chati ukutani, na wakaguzi wengine bado wanahesabu hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani walichapisha mwaka 2014 utafiti uliolinganisha watoto wa chekechea katika chumba kilichojaa mapambo na katika chumba chenye kuta tupu: kwenye chumba cha mapambo watoto walipoteza usikivu mara nyingi zaidi na walijifunza kidogo zaidi. Ulikuwa utafiti mdogo, na kuta tupu kabisa zinatia huzuni, kwa hiyo siwashauri walimu wabandue kila kitu. Ukuta wa mbele nauacha na ubao peke yake. Chati za mada tunayoiendea wiki hii zinakaa ubavuni, na zilizopita zinakunjwa na kuwekwa kabatini mpaka siku ya marudio, siku ambayo zitaonekana tena kwa macho mapya.

Baada ya kengele

Kwenye andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni, ambayo wengi wetu huijaza kwa maneno "somo lilieleweka vizuri". Nafasi hiyo ni ndogo, lakini inatosha kwa mambo mawili: dakika ambayo darasa lilikwama, na zana iliyokuwa mikononi wakati huo. Baada ya kipindi hiki niliandika hivi: "Dk. 24, mraba wa tatu wa chati: wengi walisema ni robo. Madawati 6 bado, manne yako safu ya dirishani, jua linapiga chati saa nne. Kesho chati ihamie kulia, kipindi kianze na mraba usiolingana, karatasi mkononi."